Kutoka Kliniki ya Tabora hadi Shahada ya Uzamili ya Unasihi wa Vinasaba: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya muuguzi wa hospitali ya Kitete, Tabora, mtaalamu wa maabara wa hospitali ya Maweni, Kigoma, na mhitimu wa sayansi aliyerudi nyumbani Nzega au Kasulu kusubiri ajira, ambao wamesikia habari za unasihi wa vinasaba na wanataka kujua unasomewa wapi na unasomewaje. Mimi ni muuguzi. Nilifanya kazi kwenye kliniki ya watoto mkoani Tabora kwa miaka kadhaa kabla ya kwenda kusoma Afrika Kusini, na sasa nimerudi. Hatua ambazo ni nyepesi nitazipita haraka, ili nipate nafasi ya kukaa pale ambapo waombaji wengi hukwama.

Hatua ya kwanza: Ifahamu kazi kabla ya kuiombea chuo

Mnasihi wa vinasaba hukaa na familia ambayo ina ugonjwa wa kurithi, au inahofu kuwa nao, akachora ukoo wake, akakadiria uwezekano wa ugonjwa kujirudia, akaeleza kipimo kabla damu haijachukuliwa na kufafanua majibu yakishatoka, kisha akabaki na familia hiyo wakati inaamua la kufanya. Hatoi dawa, wala hasomi sampuli kwenye mashine, ingawa ni lazima aelewe vizuri mashine imesema nini. Jina la kazi hii kwa Kiingereza lilianza kutumiwa na Sheldon Reed huko Marekani mwaka 1947, na shahada ya uzamili ya kwanza ilianzishwa Chuo cha Sarah Lawrence, jimbo la New York, mwaka 1969. Kwa hiyo ni taaluma changa hata kwa wenzetu walioianzisha.

Huku magharibi mwa Tanzania kazi hii ina pa kuanzia. Nchi yetu inakadiriwa kupata watoto takriban 11,000 wanaozaliwa na seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kila mwaka, na katika mikoa ya kaskazini magharibi uchunguzi wa watoto wachanga umeonyesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya watano amebeba kinasaba kimoja cha ugonjwa huo bila kuugua. Sababu yake inajulikana tangu mwaka 1954, Anthony Allison alipoonyesha kwa utafiti wake wa Afrika Mashariki kwamba mwenye kinasaba kimoja hupata kinga dhidi ya malaria kali; palipokuwa na mbu wengi kwa vizazi vingi, kinasaba hicho kilibaki na kuenea. Upo pia ualbino, ambao Tanzania unakadiriwa kwa mtu mmoja kati ya kila 1,400, na ambao kwa sehemu kubwa unatokana na kasoro ileile moja ya kinasaba kiitwacho OCA2. Magonjwa haya yote mawili hurithiwa kwa namna moja: baba ametoa na mama ametoa, na wote wawili ni wazima. Mtu asiyeelewa hilo humtafuta wa kumlaumu, na anayelaumiwa karibu kila mara ni mama.

Nitoe mfano mmoja. Alikuja bibi kutoka Urambo, ameongozana na mkwe wake aliyembeba mtoto wa miezi tisa ambaye vidole vyake vya mikono vilikuwa vimevimba na ngozi imevutika hadi inang'aa. Majibu yalikuwa yametoka, ni seli mundu. Kabla sijafungua faili, bibi akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa kwenye benchi nje waliisikia: "Kwetu ugonjwa huu haupo. Umekuja na huyu." Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, nikamwomba asogee mezani anisaidie. Nilikuwa na vikombe viwili vya plastiki, na kila kimoja nilitia punje moja nyekundu ya haragwe na punje moja nyeupe. Kimoja nikampa mama wa mtoto, cha pili nikampa bibi amshikie mwanawe aliyekuwa amebaki shambani kwenye tumbaku. Nikawaambia wafumbe macho, kila mmoja achomoe punje moja, tuone mtoto amepata nini, kisha warudishe punje zote vikombeni na kuchomoa tena. Mara ya kwanza zikatoka nyeupe mbili. Mara ya pili na ya tatu ikatoka nyekundu moja na nyeupe moja. Mara ya tano zikatoka nyekundu mbili. Bibi akazitazama punje zile kwa muda, akauliza, "Kwa hiyo na wangu ametoa?" Nikamjibu, "Ndiyo, bibi, ametoa. Na yeye alipewa na mzazi wake mmoja, bila mtu kujua." Hakusema neno jingine. Akanyoosha mikono akampokea mtoto kutoka kwa mkwe wake.

Mazungumzo kama hayo ndiyo kazi yenyewe, na shahada utakayoisomea itakufundisha kuyafanya kwa ugonjwa wowote, mbele ya familia ya namna yoyote, hata pale ambapo habari ni mbaya kuliko ile. Ukiona moyo wako hauko huko, bali uko kwenye kusoma mfuatano wa vinasaba na kutafuta majibu maabara, basi tafuta shahada ya uzamili ya baiolojia ya molekuli au ya jenetiki ya binadamu. Hizo nazo zinahitajika sana, ila ni njia nyingine.

Hatua ya pili: Pima msingi wa elimu yako

Vyuo vinavyotoa shahada hii huhitaji shahada ya kwanza nzuri katika fani inayohusiana nayo: uuguzi, udaktari, sayansi ya maabara ya afya, baiolojia, jenetiki, saikolojia au ustawi wa jamii. Afrika Kusini kwa kawaida hutaka jumla ya miaka minne ya chuo, yaani miaka mitatu ya shahada ya kwanza na mwaka mmoja wa Honours, au shahada inayolingana na hiyo. Shahada yetu ya uuguzi ya miaka minne na ile ya udaktari huwekwa kwenye kundi hilo bila shida kubwa. Mwenye shahada ya sayansi ya miaka mitatu asikate tamaa, lakini aandike barua pepe kwa ofisi ya udahili mapema akiuliza kama atatakiwa kusoma Honours kwanza, kwa sababu mwaka huo una ada yake na viza yake. Mwenye stashahada atalazimika kumaliza shahada ya kwanza kabla ya kufikiria hili.

Jambo la kujichunguza kwa makini ni pengo la masomo. Muuguzi mara nyingi ana mazungumzo lakini jenetiki aliisoma kwa wiki chache tu. Mtu wa maabara ana jenetiki lakini hajawahi kukaa na mtu aliyepokea majibu mabaya. Jaza pengo lako mwenyewe. Kwa jenetiki ya tiba, mkusanyiko wa makala uitwao GeneReviews unasomwa bure kwenye intaneti, na kila makala inaeleza ugonjwa mmoja: dalili, kinasaba chake, namna unavyorithiwa na ushauri unaopaswa kutolewa kwa familia. Ukisoma makala moja kila wiki kwa mwaka mzima, ukaanza na seli mundu, ualbino, hemofilia (damu isiyoganda) na ugonjwa wa Huntington (wa ubongo), utaingia darasani ukiwa na msingi. Kwa upande wa unasihi, mafunzo ya unasihi wa VVU ambayo wengi wetu tumeyapata ni mwanzo mzuri kuliko watu wanavyodhani, maana usiri, ridhaa kabla ya kipimo na namna ya kutoa majibu tayari umevifanyia kazi.

Hatua ya tatu: Kusanya uzoefu ukiwa hapa hapa

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo ambayo waombaji wengi huiruka wakidhani uzoefu unapatikana huko waendako. Ukweli ni kinyume chake. Seli mundu ni nadra miongoni mwa wenyeji wa Afrika Kusini, na wagonjwa wake nilioonana nao nikiwa masomoni wengi walikuwa wa familia zilizohamia kutoka Kongo na nchi nyingine za Afrika ya Kati. Mtu aliyekaa mwaka mmoja kwenye kliniki ya seli mundu Tabora au Kigoma ameona familia nyingi za aina hiyo kuliko wanafunzi wengi atakaosoma nao.

Muombe mganga mfawidhi wako akuruhusu kushiriki kwenye kliniki ya seli mundu, au kwenye wodi ya watoto kama hakuna siku maalumu ya kliniki. Kama si mtumishi wa afya, jitolee kwenye chama cha watu wenye ualbino, shule yenye kitengo cha watoto wenye ulemavu, au kituo cha marekebisho. Andika shajara: kila familia uliyozungumza nayo iandike bila jina wala kijiji, uliulizwa nini, ulijibu nini, na wapi ulishindwa. Baada ya mwaka mmoja shajara hiyo itakuwa na thamani kubwa kuliko vyeti vya semina.

Jifunze kuchora ukoo. Alama zake ni zilezile kila mahali: mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, umbo lililojazwa wino ni mgonjwa, mstari wa mshazari juu ya umbo ni marehemu, mistari miwili kati ya mume na mke inaonyesha kwamba ni ndugu wa damu, na mshale unamwonyesha yule ambaye kwa ajili yake familia imekuja. Alama zinashikwa kwa siku moja. Kinachochukua muda ni kuuliza, kwa sababu Kiswahili chetu, na Kinyamwezi na Kiha vilevile, huita watu kwa upendo kabla ya damu. Mama akikuambia ana watoto saba, huenda wawili ni wa marehemu dada yake. Akisema kaka yake alikuwa na ugonjwa huohuo, huenda ni mtoto wa mama yake mdogo. Mtoto huita baba watu watatu, na wote ni baba zake kweli kwa namna ukoo unavyohesabu. Ukichora kwa kufuata maneno tu, hesabu yako yote itapotoka.

Mimi huuliza hivi: "Mama, hao saba, uliowazaa tumboni mwako ni wangapi? Baba yao ni mmoja? Kuna mimba zilizoharibika, au waliofariki wakiwa wachanga?" Swali la mwisho huja pole pole, baada ya kukaa kidogo, na mara nyingi ndipo taarifa muhimu inapojitokeza, kwa sababu mtoto aliyefariki akiwa na mwaka mmoja "kwa homa na kuishiwa damu" anaweza kuwa ndiye mgonjwa wa kwanza wa ukoo ule. Swali la kama baba ni mmoja usiliulize mbele ya mume wala mama mkwe. Niliwahi kufanya kosa hilo katika mwaka wangu wa kwanza, na mama yule hakurudi tena kliniki. Mtoto wake tulimwona miezi mingi baadaye akiwa ameishiwa damu. Tangu hapo sehemu ya maswali huwa nayauliza nikiwa na mama peke yake, hata kama ni kwa kisingizio cha kumpima uzito.

Zoea pia hesabu za uwezekano, kwa maana utaulizwa kwenye usaili. Swali linalopendwa ni hili: wazazi wawili wana mtoto mwenye seli mundu, na wana binti mwingine mtu mzima asiye mgonjwa, kuna uwezekano gani kwamba binti huyo amebeba kinasaba? Wengi hujibu nusu. Jibu ni mbili ya tatu, kwa sababu kati ya hali nne zinazowezekana moja ni ya ugonjwa, na binti huyo tunajua si mgonjwa, hivyo zimebaki tatu, na mbili kati yake ni za ubebaji. Endelea mbele: akiolewa na mtu ambaye hajapimwa katika eneo ambalo mmoja kati ya watano ni mbebaji, uwezekano wa kila mtoto wao kuzaliwa mgonjwa ni mbili ya tatu mara moja ya tano mara robo, yaani moja ya thelathini. Ukiweza kufika hapo kwa kalamu na karatasi, kisha ukaweza kumweleza binti huyo jibu hilo kwa maneno ya kawaida bila kutaja hesabu ya sehemu, kama mbili ya tatu, hata mara moja, umeshaandaliwa vizuri.

Hatua ya nne: Chagua nchi na chuo

Kwa Mtanzania, Afrika Kusini ndiyo njia ya karibu. Chuo Kikuu cha Witwatersrand kilichopo Johannesburg na Chuo Kikuu cha Cape Town vyote vinatoa shahada ya uzamili ya unasihi wa vinasaba, na mazoezi hufanyika katika hospitali kubwa za umma. Cape Town, kwa mfano, kuna Groote Schuur na hospitali ya watoto ya Red Cross. Kazi yenyewe inatambuliwa kisheria kule na wanasihi husajiliwa na baraza la wataalamu wa afya, HPCSA. Chuo Kikuu cha Ghana nacho kimeanza kufundisha fani hii kupitia kituo chake cha tiba ya vinasaba cha Afrika Magharibi, ambako seli mundu ndiyo mkate wa kila siku, na kwa mtu anayetaka kurudi Kigoma au Tabora hilo ni jambo la kulipima kwa uzito.

Uingereza kuna Cardiff na Glasgow, miongoni mwa vingine. Marekani kuna programu nyingi kuliko nchi yoyote, lakini ada ni kubwa sana, na wanaoomba na vyuo hupangwa kwa mfumo wa pamoja wa kulinganisha chaguo, ambapo unaweza kusailiwa na vyuo vinne na usipangwe popote. Simzuii mtu, ila ningemshauri aanze na Afrika.

Chochote utakachochagua, muulize mratibu wa programu maswali matatu kabla ya kulipia fomu: wanachukua wanafunzi wangapi kwa mkupuo mmoja, kwa sababu mara nyingi ni wachache mno; kama programu hufunguliwa kila mwaka; na kama mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya mazoezi ya kliniki yote yanayohitajika. Swali la tatu ndilo muhimu. Shahada ya unasihi bila kliniki ni nusu ya shahada.

Hatua ya tano: Tafuta fedha

Itifaki ya Elimu na Mafunzo ya SADC ya mwaka 1997 inataka wanafunzi kutoka nchi wanachama watendewe kama wenyeji katika suala la ada, na Tanzania ni mwanachama. Uliza chuo chako wanaitekeleza vipi, maana kunaweza kuwa na tozo nyingine za wanafunzi wa nje. Ufadhili wa Mandela Rhodes ni kwa Waafrika walio chini ya miaka 30 wanaosoma Afrika Kusini. Wa Chevening unapendwa sana na Watanzania, lakini hulipia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja huko Uingereza, na shahada hii mara nyingi ni ya miaka miwili au zaidi, hivyo usipoteze msimu mzima wa maombi kwa ufadhili usioendana na masomo yako. Wa Jumuiya ya Madola soma masharti yake kila mwaka, kwani hubadilika.

Mtumishi wa umma aanze na mpango wa mafunzo wa halmashauri yake. Barua ya kuomba ruhusa ya masomo hupita kwa mganga mfawidhi, kwa mganga mkuu wa wilaya, hadi kwa mkurugenzi, na haitakiwi kuandikwa baada ya kupata chuo. Ukiwa umo kwenye mpango wa mafunzo, mshahara wako na nafasi yako ya kurudi vinalindwa. Ukiondoka bila ruhusa, umeacha kazi.

Hatua ya sita: Anza nyaraka miezi kumi na minane kabla

Vyuo vya Afrika Kusini huanza mwaka wa masomo mwanzoni mwa mwaka, na maombi hufungwa miezi mingi kabla, wakati vya Uingereza huanza Septemba. Hesabu kurudi nyuma kutoka hapo. Utahitaji pasi ya kusafiria, vyeti vya sekondari na vya chuo, matokeo ya kila somo yaliyotolewa na chuo chako, nakala zilizothibitishwa na wakili, barua mbili au tatu za wadhamini, na barua ya chuo inayosema ulisomeshwa kwa Kiingereza, ambayo baadhi ya vyuo huikubali badala ya mtihani wa lugha. Afrika Kusini kuna pia SAQA, mamlaka inayotathmini vyeti vya kigeni, na tathmini hiyo huchukua wiki nyingi.

Viza ya masomo huombwa ukiwa nyumbani kabla ya kuondoka, si ukiwa umeshafika kama mgeni, na inahitaji hati ya polisi ya tabia njema, taarifa ya daktari, bima ya afya ya huko na uthibitisho wa fedha. Kwa mtu wa Tabora hilo lina maana ya safari ya Dar es Salaam, pengine mbili. Mimi nilipoteza mwaka mzima hapa. Barua moja ya mwajiri ilikaa mezani kwa mtu kwa miezi miwili, nami kwa heshima sikuifuatilia, nikidhani kuuliza ni kusumbua. Ilipotoka, nafasi yangu chuoni ilikuwa imekwisha kupewa mwingine. Fuatilia barua yako kila wiki, kwa adabu, ukiwa na nakala mkononi.

Hatua ya saba: Maelezo binafsi na usaili

Waombaji wetu huandika maelezo binafsi kama barua ya kuomba kazi: nina bidii, ninapenda kusaidia watu, nchi yangu ina uhitaji. Wasailiwa wote duniani wanapenda kusaidia watu. Andika familia moja. Eleza ulichosikia, ulichosema, na kile ambacho hukujua kukijibu, na jinsi ulivyokwenda kukitafuta. Kisha eleza kwa nini swali lile linakupeleka kwenye shahada hii. Shajara yako ya hatua ya tatu ndiyo itakayokuandikia barua hiyo. Ficha utambulisho wa familia kabisa.

Kwenye usaili watakupa kisa cha kuigiza. Wanachotazama zaidi ni kama unaweza kunyamaza. Msingi wa unasihi huu ni kutomwelekeza mtu uamuzi wake, na hapo ndipo sisi tuliolelewa wodini hukwama, kwani tumezoea kuagiza: kunywa dawa, rudi tarehe fulani, usizae tena. Mama wa kwetu naye atakuuliza moja kwa moja, "Dada, ungekuwa wewe ungefanyaje?" Jibu la kitabuni, kwamba uamuzi ni wako, kwetu linasikika kama kumtupa mtu. Mimi nimezoea kujibu hivi: "Mama, mimi sitakuacha uamue peke yako, tutalipima pamoja. Hebu niambie kwanza, ukilala usiku, ni lipi kati ya haya mawili linalokunyima usingizi zaidi?" Nilipolieleza jibu hilo kwenye usaili wangu, mmoja wa wasaili aliniomba nilirudie kwa Kiswahili kisha nitafsiri, na tukalizungumzia kwa dakika kumi. Usiogope kuonyesha namna watu wako wanavyozungumza. Wanataka kuiona.

Jiandae pia kwa swali la maumivu yako. Kama una mtoto au ndugu mwenye ugonjwa wa kurithi, sema kwa kifupi na ueleze unavyojitunza. Kama jeraha bado ni bichi, subiri mwaka mmoja zaidi, kwa ajili yako mwenyewe.

Hatua ya nane: Wakati wa masomo

Utasoma jenetiki ya tiba, nadharia za unasihi, takwimu, maadili na sheria, utafanya utafiti wa tasnifu, na sehemu kubwa ya muda utakuwa kliniki chini ya msimamizi anayesikiliza kila neno lako. Utapita kliniki za wajawazito, za watoto, na za saratani za kurithi, ambako utakutana na vinasaba vya BRCA1 na BRCA2. Kusikilizwa kunachosha. Mara ya kwanza msimamizi aliponihesabia nilimkatiza mama mara sita katika nusu saa, sikuamini hadi aliponionyesha alama alizoweka.

Kuhusu tasnifu, ninakusihi uchague mada ya nyumbani: wazazi wa Kigoma wanaelewaje chanzo cha ualbino, au maneno gani ya Kiswahili yanaeleweka zaidi tukisema ubebaji. Neno "mbebaji" baadhi ya akina mama hulisikia kama mtu anayeambukiza, na wengine wameniuliza kama mtoto huyo asiyeumwa atengewe sahani yake. Mimi sasa husema "ana kinasaba kimoja, haumwi wala haambukizi", maneno marefu zaidi lakini yasiyomtisha mtu. Kazi ya kutafuta lugha ya namna hii hakuna atakayetufanyia.

Wakati huohuo, kila unapojifunza uamuzi unaoruhusiwa na sheria ya nchi unayosomea, hasa kuhusu ujauzito, jikumbushe kwamba sheria yetu ni tofauti na familia utakayoihudumia itaishi chini ya sheria yetu. Soma sheria ya mwaka 2009 inayosimamia vinasaba vya binadamu, ambayo iko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kabla hujasafirisha sampuli au taarifa yoyote ya utafiti wako.

Hatua ya tisa: Kurudi

Peleka cheti chako Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kitambuliwe, na usiache leseni yako ya zamani ya uuguzi, udaktari au maabara ikaisha muda, kwa sababu ndiyo itakayokurudisha kwenye orodha ya kazi. Jitambulishe kwa wenzako wa Muhimbili, ambako Profesa Julie Makani na wenzake walianza kufuatilia kwa karibu wagonjwa wa seli mundu mwaka 2004, na kwa wale wa hospitali ya Bugando, Mwanza, na wa Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, iliyoanza kuwapandikiza uloto watoto wenye seli mundu mwaka 2023. Familia yako ya Uvinza au Sikonge itasikia habari za upandikizaji huo redioni na itakuja kukuuliza wewe, hivyo uwe na mtu wa kumpigia simu.

Kisha nenda kwa mganga mfawidhi ukaombe chumba. Usianze na kuomba mashine. Omba chumba chenye mlango unaofungika, meza, na viti vinne: kimoja chako, kimoja cha mama, kimoja cha baba hata kama siku hiyo hakuja, na kimoja cha bibi.